Mimina Tuone: Laptopu ya Studio Yetu

Asubuhi mimi huchuma majani chai. Mchana ninamsaidia mume wangu, Jonah, katika studio yake ya picha hapa Roret. Jonah anaamini kila mtu. Kwa hivyo kazi ya kushuku ni yangu, na ninaifanya vizuri.

Mwaka wa 1999, Krismasi ikikaribia, jirani yetu Mama Yunia aliingia studio. Alifungua kitambaa na kutoa picha ya mumewe, marehemu Mokaya. Mkunjo ulikuwa umepita katikati ya uso. Jicho moja lilikuwa linafutika.

"Ni hii peke yake," alisema. "Wajukuu hawajui sura yake. Mnaweza kuitengeneza?"

"Kwa kompyuta inawezekana, Mama," Jonah alijibu.

"Sawa. Lakini siiachi hapa. Siachii mtu."

Nilimpenda hapo hapo.

Jonah alikuwa amesoma kompyuta katika chuo kimoja Kericho, kwa mwalimu Moureen. Kazi aliijua. Kompyuta ndiyo hatukuwa nayo.

Wiki hiyo akaja mchuuzi mmoja, jina lake Orina, amebeba laptopu, ile kompyuta ya kukunja. Aliifungua. Ndani kulikuwa na picha ya maporomoko ya maji, nzuri sana.

"Ni mpya kabisa, mama," aliniambia.

"Mpya, na herufi za vitufe zimefutika?"

Orina alicheka. Mimi sikucheka. Jonah naye tayari alikuwa ameingiza mkono mfukoni. Nikaushika, nikamwambia:

"Ngoja, Baba Kipkurui. Pale kituo cha kuuzia majani chai, karani anaangalia majani ya juu peke yake?"

"Hapana. Anamimina kikapu chote."

"Kwa nini?"

"Watu wanaweka mazuri juu, magumu wanaficha chini."

"Basi na hii imiminwe."

"Laptopu haimiminwi, mama!" Orina alisema kwa hasira.

"Utaona. Rudi Jumamosi, mwalimu akiwa hapa."

Jumamosi Moureen alifika, na Mama Yunia naye akaja kuona. Nilimwangalia vizuri akimsalimu Orina. Pengine wanajuana, nani ajuaye? Hapana, hawakujuana. Moureen alikuwa na sidii, ile sahani ya kuhifadhia picha za kompyuta, yenye picha ya Mokaya. Yunia mwenyewe alikuwa ameipeleka picha chuoni Kericho. Ilipoingizwa kwa skana, mashine ya kunakili picha hadi kwa kompyuta, alisimama hapo hapo mpaka ikatoka.

"Kwanza tuizime," Moureen alisema.

"Ya nini kuizima, na inafanya kazi?" Orina aliuliza.

"Tuone kama itawaka tena."

Iliwaka, lakini nilichemsha chai ikaiva kabla haijamaliza. Ndipo Moureen akafungua picha ya Mokaya.

"Usiangalie picha ya muuzaji," alituambia. "Leta yako, tena kubwa kama zile za kazi."

Uso wa Mokaya ulitokea wa kijani. Yunia alishtuka. "Woi! Huyo si bwana yangu!"

Jonah alijaribu kusafisha mkunjo. Laptopu ikaganda. Baadaye akajaribu kuhifadhi picha. Maandishi yakatokea: hakuna nafasi.

"Kumbukumbu ya kufanyia kazi ni kama meza," Moureen alieleza. "Ikiwa ndogo, picha kubwa haitandazwi. Diski ya ndani ni kama stoo. Hii imejaa." Kisha akachomoa waya wa stima. Laptopu ikazima papo hapo. "Na betri imekufa."

Orina aliifunga mashine yake na kwenda bila kuaga. Nilifurahi, sifichi.

Moureen alitupeleka duka moja Kericho. Huko tuliimimina laptopu nyingine vile vile: kuzima, kuwasha, kufungua picha yetu, kuisafisha, kuihifadhi, kuchomoa waya. Ilipita. Mwenye duka alikubali tuirudishe ikisumbua.

"Na picha za wateja mtaweka wapi?" Moureen aliuliza.

"Si ndani yake?" Jonah alisema.

"Ikiibiwa je? Ikianguka?"

Jonah alionyesha disketi ndogo kwenye rafu.

"Disketi haitoshi hata picha moja kubwa," alisema Moureen. "Leteni picha chuoni, tuziandike kwa sidii mbili. Moja ikae studio, nyingine ikae nyumba tofauti."

"Hiyo nyingine nitaweka dari ya jikoni, pamoja na mbegu ya mahindi," nikasema. "Moshi inazuia wadudu, na mwizi hafiki."

"Ai, mama! Joto ya meko itaiharibu. Iweke mahali pakavu, bila jua, bila moto."

Nilimtazama kwa shaka. Lakini dari nikaiacha.

Jonah aliitengeneza picha polepole, Yunia ameketi nyuma yake. Mkunjo ulitoka. Jicho likarudi. Yunia aliinama, akaangalia. Nilidhani atalia.

"Zima," alisema.

"Mama?"

"Zima hiyo kitu. Halafu uwashe, nione kama bado yuko."

Jonah alizima. Akawasha. Akafungua picha. Mokaya alikuwa pale, na macho yote mawili. Hapo ndipo Yunia alilia, na mimi nikalia naye.

Moureen alipotuandikia sidii zile mbili, Yunia alinyoosha mkono kwanza.

"Ile ya nyumba tofauti ni yangu," alisema, akaifunga ndani ya kitambaa chake.