Nyumba Isiyo na Ngazi Ndani

Kila asubuhi, kabla ya kuketi kwenye cherehani yake, Mshonaji alimpelekea mama mkwe wake chai. Siku hizi kikombe kilirudi nusu.

"Mama, mbona hunywi?"

"Nikinywa, nitakwenda chooni. Nikienda chooni, zile ngazi zinanisubiri."

Bibi hakuwa akitania. Katika nyumba hiyo ya kupanga alikuwa ameanguka mara mbili kwenye ngazi hizo. Mshonaji akaazimia: katika nyumba yao wenyewe, kati ya kitanda cha Bibi na choo hapatakuwa na ngazi hata moja.

Kiwanja walikuwa nacho, ila kilikuwa na mteremko. Mumewe, dereva wa lori, alifika huko na mchoro kwenye daftari. Katika mchoro huo nyumba ilianzia juu na kushuka moja kwa moja. Chumba cha Bibi kilikuwa juu, choo chini.

"Hapa katikati ni ngazi tatu tu," alisema Dereva.

"Tatu tu? Kamwambie mama yako."

Dereva alijikuna kichwa. "Basi tujaze kifusi, pawe sawa."

"Shemeji, kifusi kitatitia na ukuta utapasuka," alisema jirani yao, mwanamke mwashi waliyemwita aje kupima. Alikuwa na vigingi, uzi, na mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani. "Maji ya mpira huu hukaa sawa ncha zote mbili. Tuyaulize."

Mwashi aliweka ncha moja ardhini, kwenye kigingi cha juu. Mshonaji alisimama hatua kumi na mbili chini yake, akainua ncha ya pili. Maji yalitulia usawa wa kifua chake.

"Hizi si ngazi tatu tu, Shemeji. Sasa tuigeuze nyumba, ilale kukingama mteremko."

Walihamisha vigingi. Kwa urefu wa nyumba, maji yalikuwa sawa. Kwa upana, yalifika gotini tu.

"Msingi tutauanzisha kwenye ardhi ngumu," Mwashi alieleza. "Upande wa chini tutaupandisha, sakafu iwe moja. Choo kikae jirani na chumba cha Bibi. Shimo lake tulichimbe chini kule, mbali na msingi. Na huku juu tuchimbe mtaro, ugeuze maji ya mvua."

"Kumbe ni kama kitambaa," alisema Mshonaji. "Unakigeuza kwanza, mkasi baadaye."

Lakini hakutosheka. Kesho yake alimleta Bibi, akamtembeza ndani ya vyumba vilivyochorwa kwa uzi. Kutoka penye kitanda chake Bibi alikwenda hatua nane, akasimama penye mlango wa choo.

"Pembamba hapa. Mimi na mkongojo wangu ni watu wawili."

Dereva mwenyewe aling'oa kigingi, akapanua mlango.

Mvua kubwa ya kwanza iliwakuta wamekwisha kuhamia. Maji yalifuata mtaro, yakaizunguka nyumba, yakaenda zake. Ukuta ulibaki mkavu.

Asubuhi hiyo Bibi alimaliza chai, akanyoosha mkono wenye kikombe.

"Niongeze, mwanangu. Na usikijaze nusu."