Chupa ya Mzee Machibya

Mwaka ule wa 1994, kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kabula alikamua ng'ombe wa baba yake pale kijijini Litapunga. Maziwa yalikuwa ya Nyanda, mdogo wake aliyekuwa ndiyo kwanza ameachishwa kunyonya. Ng'ombe wa maziwa alikuwa huyo mmoja tu. Wenzake walikufa njiani familia ilipohama kutoka Shinyanga.

Kabula alikuwa darasa la sita, na nyumbani kwao hakuna mwingine aliyesoma. Basi sifa zikamlevya! Kila chenye Kizungu kililetwa kwake, naye akakitafsiri hata asipokielewa. Nani angemuumbua?

Siku moja ng'ombe akadhoofika kwa minyoo. Baba yake, Mzee Machibya, akaleta chupa aliyowahi kuinunua duka la Rahim, kule Majengo, lakini alikuwa amesahau ni ya nini.

"Mwanangu, hii ni dawa ya kunywesha au ya kuogeshea?"

Kabula akaona neno jekundu, "poison". Hakulijua hata kidogo. Lakini majirani waliokuja kumtazama ng'ombe walikuwa wamemkodolea macho, na aibu ikamshika.

"Ya kunywesha, Baba."

"Mmemsikia? Halafu nyie mnauliza mtoto wa kike anasomea nini!"

Ng'ombe akanyweshwa. Jioni alianguka, akatokwa povu, akafa. Nyanda alililia maziwa, akapewa uji mtupu.

Kesho yake Mzee Machibya aliondoka na hasira kwenda Majengo kwa Rahim. Kabula akamuuliza Mwalimu Eufrazia lile neno.

"Ni sumu," alisema Mwalimu. "Waingereza walilipata kwa Wafaransa. Mwanzoni lilikuwa kinywaji tu, baadaye kinywaji cha dawa, kisha kinywaji cha kuua. Leo ni sumu yoyote."

"Kumbe ni kinywaji! Basi sikudanganya, Mwalimu."

"Ulijua hayo jana?"

Kabula akainama. "Sikujua."

"Basi ulidanganya. Kamwambie baba yako."

Alipomwambia, Mzee Machibya aliitundika ukutani kamba ya ng'ombe.

"Nimemtukana Rahim mbele ya wateja wake," alisema. "Nimemwita muuaji. Kesho twende wote tukamwombe radhi."

"Nisamehe, Baba. Niliona aibu."

"Kutojua neno siyo aibu. Mimi sijui hata moja, ndiyo maana niliazima macho yako. Macho yakishindwa kuona, niambie hayaoni. Nitatafuta mwingine wa kuniangalizia."

Tangu siku hiyo, Kabula asipojua husema hajui. Lakini jioni ile, ndani ya nyumba, Nyanda alikuwa bado analilia maziwa.