Picha ya Bibi Kija

Jumatano ile jua lilikuwa limeanza kulegea Mashimba aliposhuka kwenye pantoni ng'ambo ya ziwa, upande wa Busisi, rekoda begani, kilo mbili za sukari mkononi. Safari yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Kila wiki alikwenda mahali kumtafuta mtu wa kuhoji, na wiki hiyo ilikuwa zamu ya mkunga mmoja mzee ambaye, kwa sifa alizokuwa nazo, alikuwa amepokea watoto wa vijiji vitatu bila kupoteza hata mmoja.

Ulikuwa mwaka wa tisini na saba. Redio za watu binafsi zilikuwa bado ngeni. Redio Majabali ilikuwa na vyumba viwili juu ya duka la mitumba pale Nyamagana, mjini Mwanza, na kipindi kimoja kilichowafanya hata wauza samaki wapunguze kelele. Kiliitwa Mgeni wa Machweo. Mtangazaji wake, Mashimba, alikuwa mshairi, na mshairi huyo, tuseme ukweli, alijipenda. Kila alipomaliza mahojiano alighani ubeti mmoja wa kumchora mgeni wake, sura na mavazi, kwa sababu redio haina macho. Wasikilizaji wakauita picha. Wengine walifungulia redio kwa ajili ya picha tu, mahojiano waliyavumilia.

Nyumba ya mkunga huyo, Bibi Kija, ilikuwa ya mwisho kijijini, karibu na maji. Moshi ulimpokea Mashimba kabla ya mbwa. Upande ule kuni zilikwisha zamani, wanawake walipikia samadi iliyokaushwa, na moshi wake ni mkali, unaingia machoni na kukaa humo miaka. Bibi alikuwa ameketi mlangoni, anapepea moto. Akainua uso.

Macho yalikuwa mekundu. Yote. Hata pembeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kumbe ndiye wewe? Sauti yako kubwa kuliko mwili."

Walicheka wote wawili. Wakazungumza saa nzima, naye bibi akasimulia mambo ya uzazi kwa namna ambayo Mashimba alisahau kuwashwa na moshi. Alipotaka kuzima rekoda, bibi akaweka kiganja juu yake.

"Ile picha yako nasikiaga," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi usinipige."

"Kwa nini, bibi? Picha ni heshima."

"Haya macho si unayaona? Ni moshi tu. Lakini huku kwetu mwanamke mzee akiwa na macho haya, ng'ombe wa jirani akifa, anaulizwa yeye, anaitwa mchawi. Mwaka jana walimkata mapanga Bernadeta, mzee mwenzangu, pale, kwenye ile miti. Watu wa mbali hawajui macho yangu. Wasijue."

Mashimba alikuwa anawahi pantoni. Akajibu harakaharaka, kama wanavyojibu watu wa mjini wakitaka kuaminiwa:

"Sikupigi, bibi. Haki ya mama."

Bibi hakuondoa kiganja.

"Mama yako yuko hai?"

"Yuko hai. Yuko Nansio."

"Anaitwa nani?"

"Sabina."

"Sabina..." Alilitamka taratibu, kama mtu anayelitafutia jina mahali pa kuliweka. "Haya. Nimepokea."

Kitu kikapasuka motoni. Mashimba akaacha sukari kizingitini, akaaga, akaondoka kwa hatua ndefu bila kujua anakimbia nini.

Ubeti ulimjia palepale kwenye pantoni. Hakuutafuta. Ulikuja mzima, mistari minne, vina vimekaa sawasawa, na Mashimba akajua kwamba hajawahi kutunga kitu kizuri kama kile. Akauficha moyoni.

Jumamosi, saa kumi na moja jioni, fundi mitambo wao, Immaculata, binti wa Kihaya asiyejua kuzungushazungusha maneno, alivua vipokea sauti masikioni.

"Kaka Mashimba, kipindi kimepungua nusu dakika. Picha iko wapi?"

"Huyu hana picha. Nimemwahidi."

"Sawa. Basi nitaweka tangazo la sabuni."

Sabuni! Mji mzima umetulia, watu wamenyamaza madukani, halafu sabuni? Mashimba akasimama dirishani. Akajiambia kwamba wazee ni waoga bure. Akajiambia kwamba kule ng'ambo matangazo yao hayashiki vizuri. Akajiambia kwamba macho mekundu ndani ya ubeti mzuri ni sifa. Alijidanganya mara tatu ndani ya dakika moja, kisha akaingia kwenye chumba cha kurekodia, akafunga mlango.

*Bibi yuko mlangoni, moshi umemzunguka,*
*Macho mekundu usoni, makaa yanayowaka,*
*Huyaona ya gizani, kwetu yaliyofichika,*
*Mfikieni nyumbani, jua lisijeanguka.*

Jioni ile simu ya ofisini ililia mara tisa. Wote walisifu.

Ijumaa iliyofuata, Mashimba alikuwa peke yake mapokezini, wenzake wameshatoka, barabarani taa zinaanza kuwaka. Harufu ilipanda ngazi kabla ya mtu.

Moshi wa samadi.

Aliyeingia alikuwa mtu mzima, viatu vimejaa vumbi. Alisema anaitwa Mayala, mtoto wa Bibi Kija. Alikaribishwa kiti, hakukaa.

"Walikuja watu sita," alisema. "Walikuwa na redio. Walikuja jua halijaanguka. Kama ulivyowaambia."

Mashimba alisimama. Akamsogezea kiti tena.

"Wengine aliwapokea yeye mwenyewe siku wanazaliwa." Mayala akakisukuma kiti kando. "Tumemzika Jumatatu."

"Kaka... mimi sikuku..."

"Mama ameniagiza nikurudishie hii."

Akaweka mezani kifurushi cha karatasi. Ilikuwa ile sukari, kilo mbili, kamba haijafunguliwa.

"Alikuagiza lini?"

"Jana," alisema Mayala, akageuka, akashuka ngazi.

Mashimba alikigusa kifurushi. Kilikuwa cha moto, kana kwamba kimeondolewa jikoni sasa hivi. Alikaa chini akalia kama mtoto. "Nimemuua," alisema kwa sauti, mle ofisini, na hapakuwa na mtu wa kumkatalia. Kisha akakumbuka neno jingine, akaacha kulia.

Haki ya mama.

Marudio ya kipindi yalikuwa Jumapili, saa kumi na mbili jioni. Mashimba alimwomba meneja yafutwe. Meneja alikataa; kipindi kile, alisema, kimeombwa na watu kuliko vyote. Basi Mashimba akamsimamia Immaculata mpaka ubeti ukafutwa kwenye kanda na tangazo la sabuni likarekodiwa juu yake. Wakaisikiliza kanda mara tatu. Mara zote tatu ilikuwa sabuni.

Jumapili wakakaa wawili mbele ya mitambo. Nje kulikuwa na wekundu juu ya mawe ya mlimani. Sauti ya Bibi Kija ilijaa chumba, yenye kicheko, hai kabisa, ikisimulia watoto wanaozaliwa wametanguliza miguu. Mashimba alishindwa kuinua macho. Mahojiano yakaisha. Kanda ikakoroma kidogo...

Halafu ikaja sauti yake mwenyewe.

"Wasikilizaji wangu wa Nansio. Picha yenu ni hii."

*Sabina yu mlangoni, moshi umemzunguka,*
*Macho mekundu usoni, makaa yanayowaka...*

"Zima!" Alimrukia Immaculata mkono. "Zima, nakuambia!"

"Nizime nini, kaka?" Immaculata alikuwa akitikisa kichwa kwa wimbo wa tangazo. "Si sabuni hii?"

*Mfikieni nyumbani, jua lisijeanguka.*

Meli ya Nansio ilikuwa imeshaondoka. Kule kwa mama hakukuwa na simu. Mashimba aliulizia mitumbwi mpaka watu wa bandarini wakamchoka, kisha akakaa juu ya gunia la mtu akingoja asubuhi. Hakuomba chochote kwa ajili yake. Aliomba amkute mama yake hai, basi.

Alivuka na meli ya asubuhi, akamkuta mama anafagia uwanja.

Alimkumbatia mpaka ufagio ukaanguka. Mama Sabina hakushangaa. Alimtazama tu, kisha akamvuta ndani na kufunga mlango.

"Walikuja watu jana jioni," alinong'ona. "Sita. Ni majirani, Mashimba. Wengine niliwafundisha mimi katekisimu. Walisimama pale kwenye mihogo na redio yao. Hata salamu hawakutoa."

"Ukafanyaje, mama?"

"Nikapiga magoti. Nilipofumbua macho kulikuwa na bibi mmoja ameketi pale kizingitini, amenipa mgongo. Sijui alipita wapi, maana mlango nilikuwa nimeukomea, nao sasa ulikuwa wazi. Ananuka moshi. Hakusema nao. Aliwaangalia tu, wale watu wakarudi nyuma, wakarudi nyuma... mpaka wakaondoka."

"Na wewe? Alikuambia kitu?"

"Alisema, 'Sabina, mimi na wewe hatuna neno. Wewe hukuniahidi kitu.'" Mama alimsogelea. "Mwanangu, ulimwahidi nini yule mama?"

Akamwambia yote. Hakuficha hata ile aibu ya sabuni. Mama Sabina alisikiliza mikono ikiwa mapajani, na Mashimba angefurahi kama angemkaripia. Hakumkaripia.

"Uliapa kwa jina langu," alisema mwisho, "juu ya kitu ambacho hukukusudia kukishika."

"Nisamehe, mama."

"Mimi nimeshakusamehe. Nenda kwa watoto wake. Panda meli ya leo, kesho asubuhi uwe kwao, upige magoti." Akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga wa dirisha. "Mbona macho yako hivyo?"

"Yana nini?"

Mama alimwachia kidevu.

"Labda hukulala," alisema.

Meli ya kurudi ilikuwa na watu wengi, ndizi, kuku na magunia ya dagaa. Mashimba alipata nafasi kwenye benchi nyuma, karibu na bomba la moshi. Mtoto mchanga wa mama aliyekaa mbele yake alimtazama, akaanza kulia. Mama akageuka kuona kilichomliza mwanawe. Akavuta kanga, akamfunika mtoto uso, akahama benchi.

Mashimba alitoa leso akajifuta macho. Hayakuuma. Leso ilinuka samadi.

Aliinamisha kichwa akaanza kupanga maneno atakayowaambia watoto wa Bibi Kija. Aliyataka maneno ya kawaida, yasiyo na vina. Hayakuja. Kila alipoanza, sentensi ilijipanga yenyewe, mizani nane kwa nane, na akaogopa ulimi wake kwa mara ya kwanza maishani.

Mawe ya Mwanza yalipoanza kuonekana, mzee mmoja pale kwenye benchi alitoa redio ndogo mfukoni, akazungusha kitufe mpaka ikashika Majabali. Ilikuwa Jumatatu. Jumatatu saa ile kulikuwa na muziki wa dansi, siku zote.

Redio ikakoroma.

"Wasikilizaji wangu wa Mwanza," ikasema sauti ambayo kila mtu melini aliifahamu. "Picha yenu ni hii."

*Malenga yuko melini, moshi umemzunguka...*

Mazungumzo yakakatika. Mzee akaongeza sauti.

*Macho mekundu usoni, makaa yanayowaka...*

"Mzee wangu," alinong'ona Mashimba, "naomba uzime hiyo. Tafadhali."

Mzee alimtazama. Alitazama macho yake, kwanza moja, kisha la pili, akasogea mpaka mwisho wa benchi. Redio hakuizima.

*Mngojeni bandarini, jua lisijeanguka.*

Injini ikapunguza mwendo. Abiria wakasimama na mizigo yao, wakamwachia nafasi kubwa kuliko anavyoachiwa mgonjwa. Upepo ulitoka nchi kavu, lakini harufu iliyomfikia ilitoka nyuma yake, mahali palipokuwa na ukuta wa chuma tu: moshi wa samadi, na pumzi ya mtu mzee aliyeketi akipumzika. Hakugeuka. Hakuwa na neno la kumwambia ambalo bibi angeliamini.

Kwenye gati walikuwa wamesimama watu, hawana mizigo, hawampungii mtu mkono. Mmoja alikuwa na redio sikioni.

Akawahesabu: sita. Kisha akalitafuta jua, akaliona juu ya mawe, bado halijaanguka.