Mstari wa Buluu Kwenye Nati

Foleni ya magari ya feri pale Likoni ilikuwa imegoma kwa saa nzima, na kila mtu alikuwa amemkasirikia mwenziwe. Wauza korosho walipita madirishani, tuktuk zilijipenyeza pasipo nafasi, na jua la saa nne liliyachoma mabati ya magari bila huruma. Ndani ya pikapu iliyobeba tairi nane, Nyevu hakuwa amekasirika. Wala hakuwa na furaha. Kombe, mchumba wake, alikwenda Doha kutafuta kazi, akapiga simu miezi minne, kisha akanyamaza. Huu ulikuwa mwaka wa tatu. Nyevu hakulia hata siku moja. Moyo ulikufa ganzi tu, basi. Chakula alikula kwa kuwa saa ya kula imefika.

Kilichomshusha garini ni tairi. Mbele yake ilisimama Starlet nyeupe, na yeye, muuza tairi wa Kisauni, hakuweza kukaa akaitazama miguu ile ikiteseka. Alishuka na ovaroli yake ya buluu, leso ya maua mekundu kichwani, akainama nyuma ya gari la watu, kisha akagonga dirisha.

"Hujambo, kaka? Tairi zako zimelika mabegani. Wewe wakata kona vipi?"

Kichwa kilichotoka dirishani kilikuwa cha kijana mrefu mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, ndani ya fulana ya bandarini yenye mistari ya kung'aa. "Poa, siz. Hizo ni kona za mbio."

"Mbio na Starlet?"

"Usiicheke. Hii huenda kazini Jumatatu mpaka Ijumaa, na Jumamosi moja kila mwezi tunakodi ule uwanja wa zamani wa ndege kwenye shamba la mkonge, ng'ambo ya Mariakani. Tunazunguka tukipimwa sekunde. Naitwa Wafula. Naendesha kreni."

"Ukiendelea na tairi hizi utazunguka ukielekea kwenye mkonge," Nyevu akamwambia, akampa namba ya duka. Foleni ikasogea.

Wafula alifika Kisauni kesho yake, na mkononi alikuwa na mahamri ndani ya gazeti. Mbwana, fundi mkongwe wa duka, aliyapokea kabla ya salamu kuisha.

"Nataka kipara kabisa," Wafula alisema. "Tairi laini, isiyo na mifereji. Nimeona wazungu wakitumia."

"Wazungu hao hubeba gari lao juu ya lori mpaka uwanjani. Wewe lako hubebwa na nini?"

"Mimi naliendesha mwenyewe."

"Basi keti." Nyevu alimwekea tairi tatu ukutani. Aliisukuma ya kwanza kwa mguu. "Hii ngumu. Itakupeleka kazini miaka minne, lakini ukiibana konani italia na kuteleza. Hii ya mwisho ni laini mno. Ikipata joto yashika lami mpaka utacheka mwenyewe. Lakini ikinyesha asubuhi pale Makupa, nawe waenda kazini, haina pa kupitisha maji. Utaelea."

"Na ya katikati?"

"Mpira wake laini, lakini ina mifereji, na imeruhusiwa barabarani. Utapoteza sekunde mbili tatu uwanjani. Jumatatu utakuwa hai."

Wafula aliitazama ile laini kwa uchu, kisha akamtazama Nyevu. "Wewe ungechagua gani?"

"Inayokwenda na kurudi."

Alichukua ya katikati. Mbwana alipomaliza kufunga, Nyevu alileta kikopo na brashi, akapaka mstari mwembamba wa buluu kwenye kila nati, ukianzia kwenye nati na kuishia kwenye rimu. Nati ikilegea hata kidogo, mstari unakatika na dereva anauona. Maduka ya tairi ya Mombasa kila moja lina rangi yake, na mafundi hutambuana kwa rangi hizo.

"Sasa sikiza. Pima upepo gari likiwa baridi. Ukizunguka mara mbili, simama, pima tena. Joto litauongeza. Upunguze. Usipoupunguza, tairi itavimba katikati na kulika hapo peke yake."

"Sawa, Mama Upepo."

Jina likamganda. Simu zikaanza.

"Mama Upepo, umekula?"

"Nimekula."

"Kulikuwa na chumvi?"

"Sijui, Wafula. Nilikula tu."

"Wewe ni mwanamke au jeki?"

Mbwana alisema hajapata kumsikia dada Nyevu akiongea na simu dakika arobaini kuhusu kitu kisichouzwa. Jumapili baada ya kanisa Wafula alimpeleka kula viazi karai, yeye kwa shati la kitenge lililopigwa pasi hadi kola, Nyevu kwa dera la zambarau. Wafula alimpenda waziwazi, bila kujificha, na alimpelekea mahamri kila Jumatano. Nyevu aliyala yote, akashukuru. Alimwona ni mtu mwema. Alijua kwamba mwanamke mwingine angekuwa anatetemeka, akangoja atetemeke, hakutetemeka.

Mwezi wa tano Wafula akapiga simu.

"Nyevu, mpenzi, nataka kuleta wazee wangu kwenu Kaloleni. Baba yako pombe ya mnazi ya posa anataka mitungi mingapi?"

Nyevu alijipapasa ndani, kama mtu anayetafuta funguo mkobani, akakosa. Kumdanganya hakutaka.

"Wafula, sisikii kitu."

"Hunisikii, au network?"

"Nakusikia wewe. Ni moyo ndio hausikii. Si kwako tu. Kwa chochote."

Lakini "si kwako tu" haimpozi mwanamume aliyekwisha kuwapigia wajomba zake Bungoma. "Nimeelewa," alisema, akakata. Jumatano ikapita bila mahamri, na nyingine, na nyingine tena. Nyevu alifungua duka, akafunga duka. Haikumuuma, na hilo ndilo lililomwogopesha. Kama mtu huyu naye angeondoka bila kumuuma, basi asingepata kuumwa na chochote tena, angekaa hivi hivi mpaka uzee.

Ijumaa moja alikuwa Changamwe akipeleka tairi za lori, akaiona Starlet nyeupe imeegeshwa nje ya kibanda cha chai. Hakuona mtu. Aliona nati. Mstari ulikuwa mwekundu.

Nyekundu ilikuwa rangi ya duka jipya la Magongo, la mwanamke aitwaye Roseline. Nyevu hakuwahi kumwona, lakini papo hapo alimpa akilini kiuno chembamba, kucha ndefu na kicheko. Haya, akajiambia, kila la heri kwao. Akainama kwa mazoea tu, kusoma ubavu wa tairi. Kila tairi ina tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa. Hizi zilisema 3113. Wiki ya thelathini na moja, mwaka wa elfu mbili na kumi na tatu.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mbio.

Mikono ilianza kutetemeka. Kwanza alidhani ni jua. Kisha hofu ikampanda mpaka akashika bodi la gari lile asianguke. Alipiga simu mara tano. Haikupokelewa.

Alfajiri aliipakia pikapu: tairi nne mpya, za katikati, zimekwisha kufungwa kwenye rimu, pamoja na jeki na kikopo cha buluu. Mbwana akamuuliza anakwenda wapi na huku duka liko wazi. "Naenda kugombana," akajibu, na Mbwana akamfungulia geti haraka.

Kule uwanjani alimkuta Wafula amevaa kofia ngumu, injini inanguruma, wa tatu kwenye mstari. Akasimamisha pikapu mbele yake kabisa.

"Shuka!"

"Nyevu? Umetoka wapi?"

"Shuka, nimesema! Tairi hizi zina miaka zaidi ya kumi! Mpira umekauka, zitapasuka konani! Ni yeye Roseline aliyekufungia hizi? Hata kusoma hajui?"

Wafula alivua kofia. Alikuwa amekonda. "Roseline alinikataza. Nilinunua mitumba mwenyewe, nikamlazimisha afunge. Amenitukana kwa Kijaluo, yule nyanya."

"Nyanya?"

"Ana wajukuu tisa. Hata meno ya mbele hana."

Nyevu alikitupilia mbali kile kiuno chembamba. "Na zile zangu ziko wapi?"

Wafula alitazama lami. "Nilizimaliza. Uliponikataa, Jumamosi ya mbio nilikuja hapa na hasira, sikupunguza upepo. Zimelika katikati zote nne kwa siku moja. Ningerudi dukani kwako na uso gani? Mwanamke kanikataa, na tairi alizonichagulia nimeziua."

"Sikukukataa. Nilikwambia nina ganzi."

"Na sasa?"

Alikuwa amekwisha kupiga magoti, spana mkononi. "Ganzi ikiachia, mguu huuma kuliko ulivyouma mwanzo. Tangu jana naumwa mwili mzima, Wafula. Nakasirika. Naogopa. Nimelia njia nzima kutoka Kisauni, na nusu ya machozi ni ya mtu wa Doha, sitakuficha. Nusu ni yako."

"Nusu yanitosha."

"Usiniguse, sijamaliza nati."

Walifunga tairi pamoja. Alipopaka mstari wa mwisho wa buluu, ukaenda upogo. Wafula alizunguka mara mbili. Nyevu alisimama kando ya mkonge akihesabu kila kona kwa vidole, na kila alipopotea machoni roho ilimtoka. Aliporudi, akainama, akapima, akapunguza upepo, na ule mlio wa upepo ukitoka akasema bila kuinua uso:

"Lete wazee. Mitungi sita. Baba akisema minane, mwambie mimi nimesema sita."

Wafula akakaa chini palepale, juu ya lami ya moto. Baadaye alitoa ndani ya gari mahamri ya jana, yamepoa ndani ya gazeti. Nyevu akaling'ata moja, akatafuna, akaacha kutafuna. Uso ukakunjamana.

"Aliyepika haya," akasema, "amezidisha iliki."

"Ni yule yule wa siku zote, Nyevu."

"Basi miezi yote hii umekuwa ukinilisha mahamri mabaya," akasema, akachukua la pili.