Picha Nne za Mama Chai

Jalada la kampuni liliibwa Alhamisi asubuhi, siku moja kabla Mwekezaji, mgeni kutoka nje, hajalipeleka serikalini kuombea leseni. Bila jalada hakuna leseni. Bila leseni kiwanda cha magodoro hakifunguliwi, na yeye anarudi kwao mikono mitupu.

Inspekta alifika saa tatu na koplo wake. Alikuwa mtu wa haraka, na haraka yake siku hiyo ilimponza. Aliwapanga getini wafanyakazi thelathini waliokuwa wakifunga mashine, akawaamuru wavue viatu. Mama Chai, mjane aliyefagia ofisi na kuwachemshia wenzake chai, akaamriwa avue na kilemba. Akavua. Mvi zake zikaonwa na kila mtu, na kuna waliocheka. Mwekezaji hakupekuliwa. Nani angempekua mwenye mali?

Hawakupata kitu.

Ofisini kabati lilikuwa zima. Kompyuta ipo, simu ipo. Koplo alinyunyiza unga wa alama za vidole, akapata za Mwekezaji na za anayefuta vumbi kila siku. Hilo halikuwaambia jambo.

"Jaladani mlikuwa na nini?" Inspekta aliuliza.

"Cheti cha usajili, katiba ya kampuni, fomu za wanahisa," Mwekezaji alijibu.

"Wanahisa ni nani?"

"Mimi na mwenzangu mmoja."

"Anaitwa nani?"

Mwekezaji alijifuta jasho. "Jina limo humo jaladani."

Inspekta alimtazama. Mtu anaanzisha kampuni ugenini, kisha jina la mshirika wake halikumbuki! Fomu ya mwanahisa hubandikwa picha, basi huyo asiye na jina ana uso. Na mgeni huyu angepata wapi picha ya mtu, kama si kwa wafanyakazi wake? Akamtuma koplo awaulize wafanyakazi swali moja tu: nani alimpa bosi picha za pasipoti, na ngapi?

Koplo alirudi upesi. "Wote walitoa mbili za vitambulisho, afande. Isipokuwa Mama Chai. Yeye nne."

Walimkuta jikoni akiosha vikombe.

"Shikamoo, mama." Asubuhi Inspekta hakuwa ameamkia mtu.

"Marahaba."

"Picha nne za nini?"

"Bosi alisema mbili za kwanza zimeharibika."

"Na jalada liko wapi?"

Mama Chai aliweka kikombe chini. "Nyuma ya jiko, chini ya magunia. Sijalichana. Nimetoa ukurasa mmoja tu."

Aliuchomoa kifuani. Picha yake ilikuwa imebandikwa kando ya picha ya Mwekezaji. Chini yake imeandikwa: mke. Nyuma imebanwa nakala ya cheti cha ndoa.

"Juzi alikuja ofisa wa uwekezaji kukagua, akalipitia jalada," alisema. "Akaniuliza mbele ya watu, 'Mama, mumeo yupo?' Nikamwambia mume wangu nilishamzika. Akacheka. 'Mbona kwenye karatasi ni mzima, tena anafungua kiwanda!' Wenzangu walicheka mpaka wakashikana mabega. Tangu hapo mimi ni Bi Mkurugenzi. Jumamosi wanakuja kumposa binti yangu. Wataambiwa mama mtu kaolewa kisirisiri na bosi wake. Nitamtazama mtoto kwa macho gani?"

"Kwa nini hukuja polisi?"

"Polisi si ndio nyinyi mlionivua kilemba?"

Inspekta aliupokea ukurasa. Uso ulimwaka moto.

Mwekezaji alipowekewa ukurasa mezani hakubisha. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imekwisha.

"Mgeni anatakiwa kuonyesha mtaji mkubwa," alisema. "Mwenye mke mzawa masharti yanapungua. Wakala wa kuniandalia makaratasi akaniambia wote hufanya hivyo, cheti atatengeneza yeye."

"Kwa nini Mama Chai?"

"Kwa sababu hana mume wa kuja kunilalamikia. Kwetu walinifanyia sherehe ya kuniaga, Inspekta. Ningerudi niwaambie nini?"

"Kwa hiyo aibu yako ukamtwika mama wa watu."

Alipolisema hilo, Inspekta aliona linamgusa yeye mwenyewe. Koplo akamfunga Mwekezaji pingu.

Mama Chai alikuwa amekwisha kujifunga kilemba, amesimama mlangoni na mkoba wake. "Jalada nimeliiba, sikatai. Nipelekeni. Ila kwanza watu walewale wasikie kwamba mimi si mke wake."

Wafanyakazi waliitwa tena getini. Inspekta alisimama mbele yao, asijue mikono aiweke wapi.

"Mama huyu si mke wa bosi wenu, na hajawahi kuwa," alisema. "Cheti cha ndoa kilighushiwa. Na mimi leo nimemdhalilisha bure. Namwomba radhi."

Sauti yake haikufika mbali. Waliokuwa mbele waliinamisha vichwa, na waliocheka juzi wakakodolea macho vidole vya miguu yao.

"Wa nyuma hawajasikia, mwanangu," alisema Mama Chai.

Inspekta akarudia, kwa sauti.