Dume Chini ya Bati

Kila alfajiri Loisi aliwakatia sungura majani ya viazi vitamu, akayaacha yanyauke kidogo, akawapelekea. Alifagia banda na kubadilisha maji. Kazi yote ilikuwa yake, na lawama zote pia.

"Tasa hawa!" alifoka mumewe, Sostenes. "Miezi mitatu tunawapandisha, hata mtoto mmoja! Jumamosi nawachinja majike wote wawili."

Sostenes alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani Kizota, miaka ile viwanda vilipokuwa vinauzwa. Alirudi kijijini, karibu na Makutupora, akanunua dume mmoja na majike wawili ili aanze maisha upya.

Neno lile "tasa" lilimchoma Loisi. Kabla ya kumpata binti yao Anna alikaa miaka sita, na mawifi walimwita hivyo hivyo. Hakuna aliyemuuliza Sostenes swali hata moja.

"Dume umemchunguza, Baba Anna?"

"Dume ana kosa gani? Tazama alivyonenepa!"

Loisi alijifunga kanga, akaenda kumwita Yasinta, mtaalamu wa mifugo wa kata.

Yasinta alifika saa nane mchana, jua la Novemba likiwaka. "Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," alisema Loisi. "Sema ukweli, usimwonee mtu haya."

Banda lilikuwa la bati, juu na pembeni. Tembe la marehemu mama yake Sostenes, lenye paa la udongo, lilikuwa tupu hatua chache tu kutoka pale. Sostenes alilikataa. Sungura wa kisasa hawalali kwenye tembe, alisema. Dume alikuwa amejinyoosha chini, akihema mbiombio.

"Mnawapandishaje?" aliuliza Yasinta.

"Nampeleka dume kwa jike," alisema Sostenes. "Mwanamume ndiye anayekwenda kuposa."

"Sungura hawaposani, baba. Jike hulinda chumba chake. Mgeni akiingia, humpiga. Mpeleke jike kwa dume, asubuhi kukiwa na ubaridi. Dume akishaanguka ubavu, amemaliza. Mrudishe jike kwake."

"Lakini dume amewahi kupanda, nimemwona!"

"Anaweza kupanda na jike asishike mimba. Joto kali huharibu mbegu za dume. Huyu wako anaungua."

"Nyumba za bati ndizo za kisasa!"

Hapo hasira zikampanda Loisi. Alifungua mlango wa banda.

"Ingia."

"Nini?"

"Ingia ukae na dume mwenzako! Miezi mitatu unawatukana majike. Ingia!"

Sostenes aliinama, akaingia kwa kiburi. Loisi akafunga komeo. Yasinta hakuwa amemaliza kikombe cha maji aliyopewa, na bati lilikuwa tayari linagongwa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Loisi alipofungua, Sostenes alitoka ameloa jasho, akaenda moja kwa moja kufungua mlango wa tembe.

Jioni ile walitoboa madirisha mawili kwenye tembe, wakayawekea waya, wakawahamishia sungura humo. Wakati wa joto walitundika magunia yaliyoloweshwa.

"Sasa mpumzisheni dume miezi miwili," alisema Yasinta akiaga. "Mbegu mpya hazitengenezwi kwa siku moja."

"Miezi miwili!" alilalamika Sostenes.

"Mitatu ya kutukana uliiweza," alisema Loisi.

Mwishoni mwa Januari, mvua ikiwa imepoza ardhi, Loisi aliwatazama majike. Sehemu zao za uzazi zilikuwa nyekundu, dalili kwamba wako tayari. Aliwapeleka kwa dume mmoja mmoja. Hakukuwa na ugomvi. Siku ya ishirini na nane tangu wapandwe aliwawekea masanduku yenye nyasi kavu. Majike walijinyonyoa manyoya, wakatandika. Siku ya thelathini na moja mmoja alizaa watoto saba. Kesho yake mwenzake alizaa sita.

Wiki ile jirani yao, Bartolomayo, alikuja amekunja uso. "Majike wangu ni tasa. Nimechoka, nawachinja."

"Ngoja," alisema Sostenes. "Dume wako analala wapi?"

"Chini ya bati."

"Basi usimchinje yeyote. Mhamishe dume kwanza."

Loisi aliacha kufagia. "Mwambie pia, Baba Anna. Hapa kwetu kosa lilikuwa la nani?"

Sostenes alitazama chini, akakohoa.

"Langu," alisema. "Majike walikuwa wazima tangu mwanzo. Na mke wangu pia, watu walipomwita tasa, mimi nilinyamaza."

Loisi aliegemeza ufagio ukutani, akaenda kumletea mgeni kigoda.