Fundi Saa Hapatikani

Kila jioni Fundi Saa alifunga kibanda chake, akatembea hadi nyumbani, akaweka ufunguo juu ya meza. Nyumba yake ilikuwa sebule na chumba. Sebuleni kulikuwa na viti viwili. Kimoja alikikalia yeye. Kingine kilikuwa cha mke wake, aliyefariki mwaka uliopita. Fundi Saa hakukikalia, wala hakukitoa.

Ukutani zilining'inia saa nyingi, na zote zilikwenda sawasawa. Majirani walimtania kwamba mtu mwenye saa nyingi hivyo hawezi kuchelewa. Yeye aliwajibu kwamba hana pa kuchelewa. Walicheka, naye akacheka nao. Akiingia ndani, kicheko kilibaki nje.

Kitu kimoja tu kilivunja ukimya ule. Kabla hajavua viatu, simu yake ya vitufe ililia. Hakuhitaji kuangalia ni nani. Alikuwa dada yake mkubwa, aliyeishi mji wa mbali na ambaye miguu yake haikumruhusu tena kusafiri. Tangu msiba, dada alipiga kila jioni.

"Umekula?"

"Nimekula, dada."

"Umekula nini?"

"Chakula."

"Najua ni chakula, sikudhani umekula viatu. Chakula gani?"

"Dada, jamani!"

Mara nyingi Fundi Saa alikuwa hajala chochote. Alisema amekula ili maongezi yaishe. Dada alijua kwamba anadanganywa, maana ndiye aliyemlea. Hata hivyo kesho yake alipiga tena.

Jioni moja Fundi Saa alirudi amechoka. Mteja mmoja alikuwa amemgombeza mchana kutwa. Simu ilipolia, uvumilivu ukamwishia.

"Dada, mimi si mtoto," alisema. "Umeniuliza jana, umeniuliza juzi. Niache nipumzike."

Dada akasema polepole, "Haya, mdogo wangu. Lala salama."

Fundi Saa alijua amekosea. Lakini kuomba radhi kulimshinda. Alijiambia kwamba dada atapiga kesho, na yeye atazungumza naye vizuri.

Kesho yake, mtoto wake wa kiume alipita kumwona akiwa safarini kikazi. Alimkuta kibandani, lenzi ikiwa kwenye jicho. Akatoa boksi dogo mkobani.

"Baba, nimekuletea kompyuta ya mfukoni. Humu mna kila kitu. Utasoma magazeti, utatazama mpira, na utatuona sisi uso kwa uso."

Kifaa kilikuwa chembamba, chenye kioo kikubwa. Ukikiangalia ungesema ni simu. Kijana alikwenda duka la jirani, kwa mama anayetoa nakala na kuchapisha barua za watu. Mama huyo ana jina lake zuri tu, lakini mashine yake ililimeza zamani. Mtaa mzima unamwita Mama Fotokopi. Kijana akamwomba neno la siri la intaneti yake, naye akampa bila shida.

Punde Fundi Saa alimwona mjukuu wake kwenye kioo. Mtoto alikuwa amepoteza jino la mbele, naye aliufungua mdomo wote ili babu aone pengo. Fundi Saa alicheka mpaka lenzi ikamdondoka.

"Na hii simu yangu ya zamani?" aliuliza.

"Ipumzishe, Baba. Ya nini tena?" alisema kijana. Basi lilikuwa linakaribia kuondoka, akakimbia.

Sasa sikiliza kosa lilipoingia. Mafundi saa wana desturi yao. Saa isiyotumika haiwekwi na betri ndani. Betri ikikaa sana huvuja, na maji yake hula mashine. Basi Fundi Saa akaifanyia simu yake kama anavyofanyia saa. Aliifungua mgongo, akatoa betri, akaifuta, akaifunga kwenye karatasi kavu. Simu akailaza kwenye droo ya kibandani, pembeni ya saa zilizokufa. Alifanya kazi safi kabisa.

Mchana kifaa kipya kilimpendeza. Alisoma habari na kutazama mpira. Kijana wake alimpigia, wakaonana. Jioni alikitia mfukoni, akaenda nacho nyumbani, akakiweka mezani.

Hakikulia.

Usiku wa kwanza alisema moyoni, "Afadhali, leo nimepumzika." Usiku uliofuata alikisogeza karibu. Baadaye akaongeza sauti yake mpaka mwisho. Saa zilipiga tik tik ukutani, na kifaa kikakaa kimya kama sahani.

"Amekasirika," Fundi Saa aliwaza. "Basi na akasirike. Mtu mzima hanuniwi kwa neno moja."

Hakufikiria kumpigia yeye. Miaka yote dada ndiye aliyepiga. Na sasa, baada ya maneno yale, aliona aibu kuanza.

Siku moja mchana kijana wake alimwambia kupitia kile kioo, "Baba, shangazi anakusalimia."

"Ananisalimia kupitia kwako?" Fundi Saa aliuliza. "Yeye hana mdomo?"

"Sijui, Baba. Aliniuliza kama u mzima. Nikamwambia u mzima, tunazungumza kila siku."

Maneno yale yalimuuma. Salamu za kutumwa hupelekewa watu wa mbali. Yeye ni mdogo wake wa tumbo moja.

Hata wateja walipungua. Namba yake ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya kibanda, lakini hakuna aliyepiga kuuliza kama saa yake iko tayari. Fundi Saa aliona kama watu wote wamekaa kikao wakaamua kumwacha. Jioni alikunywa chai tupu, akalala. Hapakuwa na mtu wa kumdanganya kwamba amekula.

Jioni moja alisimama ghafla ili avute pazia. Chumba kikazunguka. Akashika kiti cha marehemu mke wake, akateleza, akajikuta sakafuni. Hakuumia. Lakini miguu ilikuwa haina nguvu, na jasho lilimtoka. Akanyoosha mkono mezani, akachukua kifaa.

"Nimpigie dada," alisema kwa sauti.

Akatafuta mahali pa kubonyeza namba. Hapakuwapo. Akagusa ile picha inayotokea kijana wake anapompigia. Kioo kikaandika: *Hakuna intaneti.* Akagusa tena, maandishi yakawa yaleyale.

Aliegemeza kichwa kwenye kile kiti, akangoja kizunguzungu kiishe. Aliogopa. Hakuogopa sana kufa. Aliogopa kufa bila mtu kujua, mpaka siku mteja atakapokuja kuulizia saa yake na kukuta kibanda kimefungwa.

Asubuhi alipata nguvu, akaenda moja kwa moja kwa Mama Fotokopi. Akaweka kifaa juu ya mashine.

"Mama, kifaa hiki kimeharibika. Jana kilinikatalia kumpigia dada yangu."

Mama Fotokopi alikigusa. Kikawaka, picha ya mjukuu ikatokea.

"Hakijaharibika, fundi. Ulikuwa wapi jana?"

"Nyumbani."

"Nyumbani una intaneti?"

"Nina saa."

"Saa hazitoi intaneti, fundi wangu," alisema Mama Fotokopi, akaonyesha kiboksi chenye taa juu ya kabati. "Kifaa chako kinakula kwenye kile kiboksi changu. Ukiwa kibandani kwako, intaneti inakufikia. Ukipita pale kwa muuza viatu, imekwisha."

"Lakini mwanangu ananipigia!"

"Anakupigia kwa programu. Wewe unayo, yeye anayo, na saa hiyo nyote mna intaneti. Dada yako anayo?"

"Dada yangu? Simu yake mgongo umefungwa kwa mpira ili usidondoke."

"Basi yeye anapiga namba. Namba haikai kwenye kioo, inakaa kwenye laini. Laini yako iko wapi?"

"Ndani ya simu."

"Na simu?"

"Ndani ya droo."

"Umeizima?"

"Nimetoa betri," alisema Fundi Saa. "Betri huvuja, mama."

Mama Fotokopi alimtazama. Alitaka kucheka, lakini aliona uso wa mzee, akaacha.

"Fundi, umekonda," alisema. "Mtu akikupigia anaambiwa hupatikani. Wateja wanaambiwa hivyo. Na dada yako pia, kama anapiga."

Fundi Saa alikaa kwenye kigoda cha wateja. "Kwa hiyo vifaa hivi havifai?"

"Vinafaa sana, ila havifanani. Pindua hiki uone. Ukingoni hakuna mahali pa kuingiza laini. Vipo vingine vyenye mahali pa laini, na vinapiga namba kama simu yoyote. Kifaa cha namna hiyo, mtu anaweza kukitumia badala ya simu yake akitaka. Lakini aulize kabla ya kununua. Kinaingia laini? Kinapiga namba ya kawaida pasipo intaneti? Chaji yake inafika jioni? Halafu ajaribu."

"Ajaribu vipi?"

"Ahamishie laini kule. Aende nyumbani kwake, si dukani kwangu. Ampigie mtu, kisha amwambie mtu huyo ampigie yeye. Pande zote mbili zikisikika, hapo ndipo apumzishe simu ya zamani. Chako wewe ni kizuri kwa magazeti na kwa mjukuu. Simu siyo."

Fundi Saa aliitikia kwa kichwa.

"Na jambo jingine," Mama Fotokopi aliendelea. "Laini ikilala muda mrefu, kampuni inaweza kuifunga. Namba yako wakampa mtu mwingine."

"Mtu mwingine?"

"Ndiyo. Dada yako angepiga, akamuuliza mtu asiyemjua kama amekula."

Fundi Saa alikuwa ameshainuka. Mgongo ule ambao hulalamika kila asubuhi haukusema kitu. Alikwenda kibandani, akafungua droo, akafungua karatasi, akarudisha betri, akarudi na simu dukani. Mama Fotokopi akamchomekea simu kwenye chaji ukutani. Ilipowaka, kitu cha kwanza ilichouliza ni saa na tarehe, kwa kuwa ilikuwa imezipoteza.

"Sasa hapo imempata mwenyewe," alisema Mama Fotokopi.

Fundi Saa akairekebisha. Wakakodolea macho kona ya kioo, pale mistari ya mtandao inapokaa. Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha mstari mmoja ukatokea, na mingine ikafuata. Laini ilikuwa hai bado.

"Mpigie sasa hivi," alisema Mama Fotokopi.

"Jioni," alisema Fundi Saa. "Hakuwahi kupiga mchana."

Ukweli ni kwamba aliogopa. Simu ilikuwa imepona, lakini hakujua kama dada bado anapiga. Huenda alishakata tamaa. Huenda alikata tamaa siku ileile ya maneno makali. Siku nzima alifungua saa moja ya mkononi na kuifunga tena bila kuitengeneza.

Jioni aliweka ufunguo mezani. Akakaa, simu mkononi. Muda wa dada ukafika, saa zote za ukutani zikasema hivyo. Simu haikulia. Hapo Fundi Saa akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akabonyeza namba ya dada mwenyewe.

Sauti ya mwanamke wa kampuni ikajibu: "Simu unayopiga inatumika."

Fundi Saa akaishusha simu polepole. "Amepata mwingine wa kumuuliza," alisema. Akatazama kiti cha mke wake.

Simu ikalia mkononi mwake. Alishtuka, nusura aiangushe.

"Halo? Dada?"

Upande wa pili akasikia pumzi, na baada ya pumzi, kilio.

"Dada, usilie. Nilitoa betri. Sikujua. Kile kifaa hakina laini, na mimi..."

"Nilipiga kila jioni," dada alisema. "Kila jioni yule mwanamke ananiambia hupatikani. Mtoto wako anasema u mzima, mnazungumza kila siku. Nikajua wewe ni mzima, ila mimi ndiye usiyenitaka."

"Mungu wangu! Dada, nisamehe. Nisamehe na yale maneno ya siku ile."

"Basi yameisha," alisema dada, akijifuta pua. "Ila mimi na yule mwanamke tumezoeana sana. Nilianza hata kumsalimia. Namwambia, mwanangu, ukimwona mdogo wangu mwambie ale."

Fundi Saa alicheka, na machozi yakamtoka humohumo.

"Leo akanibadilishia maneno," dada aliendelea. "Akasema unatumika. Nikasema, mtu asiyepatikana anatumikaje? Nikapiga tena mbiombio."

"Nilikuwa nakupigia wewe, dada."

"Wewe? Ulinipigia mimi?"

"Mimi."

Fundi Saa alimsikia dada akivuta kiti na kukaa. Kisha likaja lile swali.

"Umekula?"

Fundi Saa alitazama jiko. Lilikuwa baridi, na sufuria ilikuwa imefunikwa tangu juzi.

"Sijala, dada," alisema. "Jana pia sikula. Nilianguka."

"Inuka," alisema dada. "Weka simu hapo nikusikie. Una nini ndani?"

"Viazi. Na mayai."

"Menya viazi. Sikati."

Fundi Saa akaegemeza simu kwenye kopo la chumvi, akafungua spika, akaanza kumenya.